Bibi Shamba na Maua ya Kuiba

Mara ya kwanza kumwona Bibi Shamba nilimpigia kelele za mwizi. Nilikuwa na wiki moja tu mtaa wa Mfaranyaki, nimehamia na mume wangu na cherehani yangu kwenye vyumba viwili vya kupanga, na asubuhi hiyo ya Jumapili nilikuwa natoka nje kumwaga maji ya vyombo. Nikamkuta mwanamke mtu mzima amechuchumaa kwenye uzio wa mwenye nyumba wetu. Amevaa gauni zuri la kitenge la kwenda kanisani, miguuni mabuti ya mpira, mkononi kisu kidogo. Anakata tawi la waridi.

"Mwizi!" nikaita. "Jamani, mwizi!"

Hakukimbia. Hakuinuka hata kidogo. Aligeuza shingo akaweka kidole mdomoni.

"Punguza sauti, binti. Ukilishtua halitashika."

Akamaliza kukata, akalifunga lile tawi kwa kitambaa chenye maji, akalitumbukiza kwenye mkoba pamoja na kitabu cha nyimbo na rozari. Ndipo akasimama, akajifuta magoti, akanitazama kama mimi ndiye niliyekutwa na kosa.

"Na shikamoo yangu iko wapi?"

"Shikamoo," nikajikuta nasema, huku maji ya sabuni yananichuruzikia kwenye kanga.

"Marahaba. Mimi jirani yako, nyumba ile ya mbele yenye maua ya dalia. Karibu sana Mfaranyaki."

Akaenda zake kanisani. Jioni nilipomsimulia mwenye nyumba, mzee wa watu alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. "Huyo ni Bibi Shamba," akasema. "Hilo waridi ameshaniibia mara tatu. Nikimwambia nitamkatia mwenyewe, anakataa katakata."

Mji mzima ulimwita hivyo, Bibi Shamba, kwa sababu ndiyo iliyokuwa kazi yake. Miaka mingi alikuwa afisa wa kilimo wa serikali, akizunguka vijijini na pikipiki kufundisha watu kupanda kwa mistari, kupima nafasi kwa kamba, kuweka mbolea ya dukani kwa kifuniko cha soda. Nilipomfahamu alikuwa amestaafu, lakini cheo hakikustaafu. Wauza mboga walimwita hivyo, padri alimwita hivyo, na hata wajukuu wa kaka yake walimwita hivyo. Jina lake la kwenye vyeti ninalijua, ila aliwahi kuniambia kwamba hilo ni la kuitwa na karani, si na watu anaowapenda. Kwa hiyo nami silitaji.

Kuhusu wizi wake wa maua nilikuja kumuuliza baadaye, tulipokwisha kuwa marafiki. Mwanamke huyu hakuwahi kuchelewa Misa, hakuwahi kurudi na sahani ya mtu bila kuweka kitu ndani, na wakati wa kazi alikuwa akiwarudisha wakulima waliomfuata nyumbani na kuku wa shukrani. Sasa hiki kisu ndani ya mkoba kilitoka wapi?

"Ua la kupewa linajua limepewa," akanijibu, bila hata chembe ya mzaha. "Linakaa kivivu. La kuiba linaingia ardhini na woga, linatafuta mizizi haraka haraka."

"Bibi Shamba, na ile diploma yako ya kilimo?"

"Diploma inahusu mahindi."

Aliiba kwenye uzio wa benki, aliiba kwenye nyumba ya wageni, aliiba kwenye bustani ya ofisi moja mjini mpaka mlinzi akamkamata. Siku hiyo nilikuwepo, tulikuwa tunatoka kununua uzi wangu. Mlinzi, kijana mrefu mwenye kirungu, alimshika mkono akamwambia twende kwa bosi. Bibi Shamba akatembea mbele yake kwa heshima zote, lakini njiani akawa anamwonyesha: hili mnalimwagilia mchana, ndiyo maana majani yameungua, hili mmelipanda chini ya paa, litaoza likinyeshewa. Tulipofika mlangoni mlinzi alikuwa ameshasahau bosi. Alimuuliza kuhusu nyanya za mama yake huko kwao Tunduru, zinazonyauka zikianza tu kutoa maua. Tuliondoka na matawi matatu ya bogenvilia, na mlinzi akatufungulia geti.

Lakini usije ukafikiri bustani yake ilikuwa bustani ya kutembelewa na kupigiwa picha za harusi. Nyumba yenyewe ilikuwa ndogo, ya matofali ya kuchoma, na kiwanja kilitelemka nyuma kuelekea kwenye kijito. Mbele kulikuwa na dalia, za rangi zote, nyingine kubwa kama sahani. Ila katikati ya dalia kuna mahindi. Chini ya mahindi, maharage. Maboga yametambaa mpaka kwenye ngazi, mgeni akiingia lazima aruke. Maua mekundu ya kana yamesimama kwenye maji machafu ya bafuni pamoja na magimbi, na pembeni ya choo alizeti zimeinamisha vichwa. Wakati wa mvua ulikuwa unamsikia tu yuko humo ndani, anaimba, humwoni.

Mwanamke aliyefundisha wilaya nzima kupanda kwa kamba, kwake hakukuwa na mstari hata mmoja! Nilipomtania alitazama pembeni kwanza, halafu akasema, "Kule nilikuwa kazini. Hapa ndiyo kwetu." Niliona kwamba jambo hilo lilimgusa mahali, nikaacha.

Alikuwa na furaha ya ghafla, ya kuambukiza. Mvua ya kwanza ya Novemba ikinyesha alitoka nje bila mwavuli na kugonga milango ya majirani. "Mmelala? Mmelala na mvua hii?" Mimi ninashona sare za shule za watu, nina foleni ya kazi, lakini nilikuwa nikisikia sauti hiyo mguu unaacha wenyewe pedali ya cherehani. Tulitoka, wanawake watano sita wa mtaa, na mbegu kwenye vikopo, tukapanda popote palipokuwa na udongo, tukilowa na kucheka. Mtaa wetu haukuwa na mbolea nzuri wala maji ya uhakika, lakini ilipofika Machi watu wa bodaboda walikuwa wanapunguza mwendo wakipita, wanatazama.

Hasira nazo alikuwa nazo. Kinamama wa kanisani walinunua maua ya plastiki kwa ajili ya altare, mazuri kwa mbali, meupe na ya bluu, mwenyekiti wao ndiye aliyeyachagua. Bibi Shamba alitazama Misa nzima akiwa ameuma midomo. Jumapili iliyofuata alinigongea kukiwa ndiyo kwanza kunapambazuka, tukabeba ndoo nne za dalia na mayungiyungi mpaka kanisani, akayapanga pembeni kabisa ya yale ya plastiki. Tulipofika kwenye mahubiri jua likaingia dirishani, na nyuki nao wakaingia. Si mmoja wala wawili. Walizunguka juu ya altare, wakayaruka ya plastiki yote, wakatua kwenye dalia. Watoto walianza kucheka, wanakwaya wakainama. Padri akasimamisha mahubiri, akawatazama wale nyuki, akasema, "Naona wageni wetu wameshachagua."

Kanisa lilivuma kwa vicheko. Mwenyekiti hakucheka. Nilimwona akifuta macho kwa ncha ya kitenge, na Bibi Shamba naye alimwona. Tukiwa njiani kurudi ushindi wote ulikuwa umemtoka. Mchana ule ule alikwenda nyumbani kwa yule mama na kapu la mahindi mabichi, akakaa mpaka jioni. Sijui walisema nini. Ninachojua, kuanzia wiki iliyofuata wote wawili ndio waliokuwa wanapamba altare, na maua ya plastiki yalihamia ofisi ya parokia, ambako Bibi Shamba alikuwa anayapangusa vumbi yeye mwenyewe kila akipita.

Lakini anayetaka kumjua Bibi Shamba lazima asikie habari za shamba la mama yake.

Shamba hilo liko kwenye mteremko, njia ya kwenda Mbinga, na chini yake kuna chemchemi inayonywesha migomba ya ukoo mzima. Mama yao alikuwa Mmatengo, akalima kwa ngoro kama walivyolima wa kwao: unafyeka majani, unayalaza chini kwa mistari inayokatana mpaka mteremko unakuwa kama kitambaa cha drafti, halafu unachimba katikati ya kila mraba na kuyafunika majani kwa udongo unaoutoa. Mteremko mzima unabaki mashimo, na maharage yanaota kwenye kuta za mashimo. Mama alipofariki shamba likakaa miaka miwili bila kulimwa vizuri. Ndipo kaka mkubwa wa Bibi Shamba akaita kikao cha ukoo. Alitaka kupanda mikaratusi mteremko wote.

Bibi Shamba aliniomba nimsindikize. Nilikaa na mawifi zake jikoni, lakini mlango ulikuwa wazi na sauti zilikuwa kubwa.

"Mikaratusi itakunywa chemchemi yote," alisema Bibi Shamba. "Wajukuu zako watachota maji wapi?"

"Na nani atachimba hayo mashimo?" akauliza kaka yake. "Vijana wako mjini. Mimi mgongo umekwisha. Mti unakua wenyewe."

"Tutachimba."

"Wewe?" Kaka mtu akacheka kidogo, cheko la uchungu. "Wewe ndiye uliyekuja hapa na pikipiki ya serikali ukamwambia mama ayafukie. Mbele ya watu. Ukasema ni kilimo cha kizamani. Umesahau?"

Jikoni wote tuliacha kumenya.

"Sijasahau," alisema Bibi Shamba. Sauti yake ilikuwa ndogo, sikuwahi kuisikia hivyo. "Nilimwambia. Mama hakunijibu, alinipa chakula tu, kesho yake akaendelea kuchimba. Nilikuwa nasema nilichofundishwa bila kuangalia kilicho mbele ya macho yangu. Nilikosea, kaka. Nipe msimu mmoja."

Walikubaliana hivi: nusu ya mteremko kaka angelima matuta ya kawaida, ya haraka, yanayoshuka na mlima. Nusu nyingine Bibi Shamba angechimba ngoro. Akishindwa kumaliza, au maharage yake yakiwa mabaya, mikaratusi ingepandwa kote na asingesema tena.

Basi tulichimba! Alikuja kwenye veranda yangu akanivua miwani ya kushonea na kunikabidhi jembe. Aliwachukua wanawake wa mtaa, aliwachukua kinamama wa parokia pamoja na mwenyekiti, alimchukua hata yule mlinzi wa ofisi siku yake ya mapumziko. Tulijaa kwenye gari la mizigo, tunaimba mpaka tukafika. Mlinzi na wanaume wachache waliotufuata wakafyeka na kulaza majani, sisi tukachimba, na yeye akapita kwa kila mmoja akishika mikono yetu kwenye mpini. "Si hivyo, vuta kwako. Funika majani, usiyaache yachungulie." Siku ya tatu viganja vyangu vilitoka malengelenge, nisingeweza hata kushika sindano, na nilikuwa na furaha ambayo siwezi kuieleza vizuri. Kila tulipoinuka kunyoosha migongo, mteremko ulikuwa umebadilika. Pembeni mwa shamba akapanda dalia, za kuiba zote, ili tukipumzika tuwe na kitu cha kutazama. Mawifi zake walioletwa kulima upande wa kaka walikuwa wanakuja kulia chakula chao upande wetu.

Maharage yakaota pande zote mbili, na nisidanganye, ya kaka yalitangulia kuwa mazuri. Alipita njiani mikono nyuma, anapiga mluzi.

Halafu Aprili ikaja mvua moja, mchana kutwa, mvua ya kuziba masikio. Bibi Shamba alishinda amesimama dirishani kwangu. Kesho yake asubuhi na mapema tukapanda pikipiki moja, yeye katikati, mimi nyuma, tukaenda.

Upande wake kila shimo lilikuwa limejaa maji na limetulia, na juu ya kuta maharage yamesimama, yamechafuka kidogo tu. Nilipiga vigelegele. Nikamgeukia nimkumbatie, hayupo. Alikuwa ameshavuka upande wa kaka yake. Huko maji yalikuwa yameteremka na matuta, udongo umekwenda mpaka njiani, maharage yamelala chini ya matope. Bibi Shamba alivua mabuti kwa sababu yalikuwa yananasa, akapiga magoti, akaanza kuinua mche mmoja mmoja, anausafisha majani kwa vidole, anauegemeza udongo. Nami nikapiga magoti.

Kaka yake alitukuta hivyo.

"Unafanya nini, mdogo wangu? Umeshashinda."

"Haya yanaweza kupona," akasema bila kuinua kichwa. "Yasipopigwa na jua kabla hatujafika mwisho. Njoo shika huku."

Akaja. Walianza kuongea Kimatengo, sikuelewa neno hata moja, lakini saa nne hivi niliwasikia wanacheka, na kaka mtu alikuwa na matope mpaka kwenye nyusi. Nusu ya miche ilipona. Mikaratusi ikapandwa michache tu juu kabisa kwenye mawe, mbali na chemchemi, kwa sababu Bibi Shamba alisema na kaka yake naye lazima apate miti yake ya kupigia mluzi. Msimu uliofuata mteremko wote ulikuwa ngoro, na vijana wawili wa ukoo walirudi kutoka mjini kulima.

Mwaka uliofuata naye akahamia huko. Nyumba ya Mfaranyaki akaiacha kwa mpwa wake, na mimi muda si mrefu nikapata fremu ya duka mtaa wa Majengo, nikahamishia cherehani. Tukabaki watu wa simu.

Mwaka huu, mvua zilipokuwa zinaelekea kuisha, akanipigia nikiwa na mteja anapimwa kiuno. "Njoo leo," akasema. "Nimepanda mbegu za dalia, si vile viazi vya mizizi yake, mbegu. Za mbegu zinatoa rangi zinayoitaka zenyewe. Moja imefunguka. Njoo uniambie ni rangi gani."

"Bibi Shamba, wewe huioni?"

"Nina mtoto wa jicho, macho yote mawili. Alhamisi napelekwa hospitali. Nataka kujua nitakuta nini."

Nilikwenda. Nilimkuta ameketi kwenye kigoda mbele ya ua lenyewe, amelizungushia vijiti kama mtoto mchanga aliyewekewa mito. Alikuwa amepungua mwili, na macho yake yalikuwa na ukungu, lakini alinisikia kwa hatua tu akaanza kunielekeza nisikanyage wapi. Kaka yake alikuwa ameshaulizwa asubuhi, na alikuwa amekatazwa kunisogelea ili tusije tukapatana maneno.

Nikachuchumaa. Nilitazama sana, maana najua vitambaa, na rangi ile sikuwahi kuiona kwenye jora lolote.

"Ndani ni kama nyama ya pera," nikasema polepole. "Pera lililoiva sana. Halafu inakwenda ikififia, inakuwa kama maziwa yaliyotiwa chai kidogo. Kwenye ncha kuna zambarau, nyembamba, kama uzi wa kupindia."

"Pera?" Akanishika mkono. "Umesema pera?" Akapaza sauti kuelekea nyumbani. "Kaka! Naye amesema pera!"

"Si nilikuambia!" kaka yake akajibu kutoka ndani.

Akaniambia nianze tena, jani moja moja la ua, nisiruke. Nikamweleza, yeye akigusa kila nililotaja kwa ncha ya kidole, mpaka bodaboda wangu akachoka kusubiri na kuanza kupiga honi.

Upasuaji ulikwenda salama. Jumamosi hiyo hiyo, wakati nimeweka pini mdomoni, simu ikaita.

"Nyie wote wawili vipofu!" Alikuwa anapiga kelele, anacheka, upepo unaingia kwenye simu, nikajua yuko shambani. "Pera gani? Pera gani hili, jirani? Hamjasema ukweli hata nusu! Kuna dhahabu huku chini kwenye shina la kila jani, mlikuwa mnatazama nini? Na leo yamefunguka mengine manne!"

"Bibi Shamba, daktari si alisema upumzike?"

"Nitapumzika maua yakiisha. Wewe uko wapi?"

"Niko dukani, nina kazi za watu."

"Njoo uangalie tena," akasema.

Nikatema pini. Nikafunga fremu na kwenda kutafuta bodaboda.